Bingwa wa magonjwa ya kuambukiza na mtafiti: MMed kwanza au PhD kwanza?

Nyamizi_MD5

Shikamooni wakubwa. Niko mwaka wa 5 wa MD (shahada ya udaktari), Mwanza. Nataka kubobea kwenye magonjwa ya kuambukiza, na nataka nifanye utafiti pia. Mabingwa wa moyo, figo, mifupa na watoto nawaona kwenye mbao za hospitali. Bingwa wa fani hii simwoni. Naomba mnieleweshe:

1. Baada ya intanishipu njia inapita wapi? Wapo wanaonishauri niruke MMed (uzamili wa ubingwa) niende PhD moja kwa moja.
2. Kazi ya kila siku ni ipi hasa, ikiwa malaria, TB na VVU vina miongozo na programu zake tayari?
3. Nijifunze nini kuanzia sasa, kabla sijamaliza chuo?

Nitashukuru nikipewa hatua na vipimo. Maneno ya kutiwa moyo ninayo ya kutosha.

---

Mzee_wa_Raundi

Marahaba Nyamizi. Naanza na swali la 2, maana hilo ndilo linaloeleza kwa nini kazi hii ipo.

Kule Moshi watafiti waliwapima kwa kina wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali 2, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Kwenye mafaili, 528 walikuwa wameandikiwa malaria. Waliokuwa na malaria kweli ni 14. Waliobaki walikutwa na bakteria kwenye damu, leptospira, homa ya Q, brusela, homa za kupe, chikungunya, maambukizi ya ukungu, na wengine chanzo hakikupatikana kabisa. Mwongozo unamsaidia mgonjwa ambaye ugonjwa wake umeshapata jina. Hao 856 wengine ndio wanaomhitaji mtu wa fani yako.

Kwa siku utaitwa wodi ya upasuaji kwa kidonda kinachotoa usaha baada ya wiki 2 za antibaiotiki ya seftriaksoni. Utaitwa CTC (kliniki ya VVU) kwa mgonjwa ambaye virusi havishuki ingawa anameza dolutegravir, na kabla ya kubadili dawa utauliza kama anaimeza pamoja na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu bila chakula, kwa sababu madini hayo huizuia isifyonzwe tumboni. Utakaa kwenye kamati ya UVIDA (usugu wa vimelea dhidi ya dawa) na ya kukinga maambukizi, na huko utagombana sana. Ukitokea mlipuko, kama Marburg ya Kagera mwaka 2023, utaulizwa nani atengwe, nani apimwe, na sampuli ipite njia gani.

Njia sasa. MD miaka 5, intanishipu mwaka 1, usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha MMed ya magonjwa ya ndani au ya watoto, miaka 3. Hadi hapo njia ina vibao. Baada ya hapo utaitafuta mwenyewe. Afrika Kusini wana cheti cha ubingwa bobezi wa magonjwa ya kuambukiza, miaka 2 juu ya ubingwa wa ndani. Kampala kuna Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Makerere, ambako tiba na utafiti vinakwenda pamoja. Ipo pia stashahada ya tiba ya tropiki ya Afrika Mashariki, miezi 3, inayofundishwa Tanzania na Uganda chini ya London School of Hygiene & Tropical Medicine. Haikufanyi bingwa bobezi, ila inakurudisha kwenye darubini, na daktari anayejua kusoma slaidi mwenyewe hadanganywi kirahisi.

Ukiwaza Marekani, ujue mapema kwamba kwa kawaida MMed yako haitakupunguzia kitu. Ni mitihani ya leseni ya USMLE, residensi (mafunzo ya ubingwa) ya magonjwa ya ndani miaka 3 upya, halafu ubobezi miaka 2, au 3 kwa anayelenga utafiti. Mwenye nia hiyo asipoteze miaka 3 ya MMed kwanza.

PhD bila MMed? Inawezekana, na wapo watafiti wazuri wa namna hiyo. Lakini jiulize unataka kusimama wapi. PhD pekee haikupi ubingwa wala wodi. Kwenye jaribio la dawa, daktari wa utafiti ndiye anayeamua kama homa ya mshiriki imetokana na dawa au na ugonjwa mwingine, na uamuzi huo hujengwa na usiku wa zamu. Ushauri wangu ni MMed kwanza, na tasnifu ya MMed uifanye hatua ya kwanza ya PhD.

Tasnifu hiyo ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anachagua swali zuri, hahesabu watu. Tuseme unataka kujua kiwango cha tatizo unalokisia ni 15%, na unakubali kukosea kwa 5% juu au chini. Hesabu ni 1.96 kipeo cha pili, mara 0.15, mara 0.85, gawanya kwa 0.05 kipeo cha pili: unapata 196. Ongeza wa kufidia 10% watakaopotea, unafika 218. Sasa nenda kafungue daftari la wodi uhesabu wagonjwa wa aina hiyo waliolazwa kwa mwezi katika miezi 12 iliyopita. Wakiwa 20, unahitaji miezi 11 hata kama hakuna hata mmoja atakayekataa. Una miezi 6? Basi badili swali leo. Usisubiri mwezi wa 5.

---

Mtu_wa_Maabara

Mzee kamaliza ya njia. Mimi najibu la 3: jifunze kuchukua damu ya kuotesha, yaani ya kutafuta bakteria waliomo. Utafiti mwingi wa homa unafia hapo kitandani, kabla chupa haijafika kwetu.

Utaratibu, mtu mzima:

Chupa 2, kila moja kutoka mkono tofauti, kila moja 8 hadi 10 ml. Bakteria kwenye damu ya mtu mzima ni wachache mno. Mara nyingi hata mmoja hapatikani katika ml 1. Ukileta ml 2 umeleta bahati nasibu. Kwa mtoto mdogo ml 1 hadi 3 hutosha, kwenye chupa ya watoto.

Weka alama kwenye chupa mstari wa damu inapotakiwa kufika kabla hujachoma sindano. Ng'oa kifuniko cha plastiki, futa mpira wa juu kwa spiriti ya 70%, acha ukauke. Iodini usiipake kwenye mpira.

Ngozi: tafuta mshipa kwanza kwa kidole, halafu safisha kwa klorheksidini ya 2% yenye spiriti, sugua sekunde 30, acha ikauke yenyewe sekunde 30 nyingine. Usipulize. Usipepee kwa glovu. Na ukishasafisha usiguse tena pale. Kosa hilo la kugusa "kuhakikisha mshipa upo" ndilo linalotuletea stafilokoka wa ngozi, halafu mgonjwa anapewa vankomisini ya bure siku 5. Chupa zenye uchafu wa ngozi zinatakiwa zisizidi 3% ya zote.

Damu iende kwenye chupa ya kuotesha kwanza, ndipo mirija mingine. Andika kwenye chupa jina, namba, mkono upi, na saa. Saa muhimu sana, maana chupa iliyochelewa sana kuingia kwenye mashine inaweza kuja na jibu la uongo. Lengo ni saa 2, isizidi 4. Na tafadhali sana, msiiweke kwenye friji. Kila mwaka tunawafundisha manesi na madaktari wapya hili, na kila mwaka chupa zinakuja za baridi.

Antibaiotiki ianze baada ya damu kutoka, lakini mgonjwa wa mshtuko wa sepsisi asicheleweshewe dawa zaidi ya saa 1 kwa sababu ya chupa. Kama ameshapewa dawa huko alikotoka, andika ipi na lini. Chupa isiyoota kwa mgonjwa aliyekunywa antibaiotiki siku 3 haina maana sawa na chupa isiyoota kwa mgonjwa ambaye hajagusa dawa, na kwenye uchambuzi wa takwimu ukizichanganya umeharibu kila kitu.

Chupa nyingi za bakteria halisi hupiga kengele ndani ya saa 48. Tukikupigia simu na jibu la Gram (rangi inayoonyesha aina ya bakteria), uje uangalie slaidi nasi. Usisubiri karatasi. Wanafunzi wanaoshuka maabara tunawakumbuka, na wakija na andiko lao la utafiti tunawasaidia kwa moyo.

---

Nyamizi_MD5

Asanteni sana. Nimeprinti ya chupa nikaibandika.

Naomba tena upande wa utafiti wenyewe. Vibali vinapita wapi na nini huvirudisha? Na daktari wa kawaida anapata wapi fedha na muda?

---

Bi_Itifaki

Nyamizi mdogo wangu, nitakueleza kwa mfuatano wa makosa, maana vibali vyenyewe ni vichache.

Tasnifu ya mwanafunzi hupita kamati ya maadili ya chuo. Utafiti mkubwa, hasa wenye wabia wa nje, huenda NatHREC, kamati ya taifa ya maadili ya utafiti wa afya, pale NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Kama ni jaribio la dawa au chanjo, ongeza TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Zanzibar kamati yao ya maadili ni ZAHREC. Sampuli ikivuka mpaka lazima uwepo mkataba wa kuhamisha sampuli, na huo uanze kuandikwa siku ile ile ya andiko, kwa sababu wanasheria wa pande 2 hawana haraka. Siku hizi kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: majina ya washiriki yakae faili tofauti na matokeo yao.

Kinachorudishwa zaidi ni fomu ya ridhaa. Kiswahili chake hakilingani na cha Kiingereza, au kimeandikwa na mtu asiyewahi kumsomea mgonjwa. Mfano: "utachaguliwa kwa bahati nasibu". Mama wa kijijini akisikia bahati nasibu anafikiri kuna anayeshinda na anayekosa. Andika "kompyuta ndiyo itakayopanga upate dawa ipi, daktari hachagui na wewe huchagui". Usiandike "10 ml za damu", andika "damu kiasi cha vijiko 2 vya chai". Halafu msomee mtu asiye wa afya, mwambie akueleze alichoelewa. Akikosea mahali 2, fomu ndiyo mbovu.

Mshiriki asiyejua kusoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi, na shahidi anasaini na kuandika tarehe kwa mkono wake. Shahidi huyo asiwe nesi wa utafiti. Mkaguzi akikuta nesi ndiye shahidi kwenye fomu 30, ridhaa zote 30 zina shida.

Kila fomu iwe na namba ya toleo na tarehe chini ya ukurasa. Ukikosea kwenye karatasi ya mgonjwa, piga mstari mmoja, andika lililo sahihi, weka herufi za jina lako na tarehe; korekta haitumiki kabisa. Tukio baya kubwa liripotiwe kwa mdhamini ndani ya saa 24 tangu ulijue, hata kama unaamini halihusiani na dawa. Cheti cha GCP (kanuni za kuendesha majaribio ya tiba kwa binadamu) kipo mtandaoni, siku 1 au 2 unakipata. Kichukue sasa ukiwa mwanafunzi. Ni ufunguo wa kazi ya kwanza ya daktari wa utafiti pale Ifakara, NIMR Mbeya, Kibong'oto, KCRI Moshi au kwenu Mwanza, na kazi hiyo ya mwaka mmoja kati ya intanishipu na MMed inafundisha kuliko semina zote.

Fedha na muda ni jambo moja. Daktari wa wodi mwenye zamu 10 kwa mwezi haandiki makala, hata awe na akili kiasi gani. Kwa hiyo tafuta ruzuku inayonunua muda wako. Ruzuku za kukuza watafiti za EDCTP, mpango wa Ulaya na Afrika wa majaribio ya tiba, zinalenga watafiti wanaofanya kazi Afrika. Ile ya K43 ya Fogarty, kituo cha serikali ya Marekani cha utafiti wa afya wa kimataifa, imekuwa ikidai 75% ya muda wako iwe ya utafiti, na mwajiri wako anaandika barua ya kukubali hilo. Kabla hujaomba, kaa na mkuu wa idara mpange nani atashika wodi yako. Barua ikisainiwa bila mpango huo, utapata ruzuku na zamu zitabaki zile zile.

Utafiti wetu wenyewe unaonyesha kinachowezekana. REMSTART ilifanyika Dar es Salaam na Lusaka, na kiongozi wake Tanzania alikuwa Sayoki Mfinanga wa NIMR. Watu wazima 1,999 wenye VVU na CD4 (seli za kinga) chini ya 200. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu walipimwa CrAg, yaani antijeni ya kriptokoka (ukungu unaoshambulia ubongo) kwenye damu, na wakatembelewa nyumbani na wahudumu wasio madaktari kila wiki kwa wiki 4 za mwanzo. Baada ya miezi 12, vifo vilikuwa 18% upande wa kawaida na 13% upande wa pili. Hakuna dawa mpya iliyobuniwa hapo. Ni kipimo cha bei nafuu na mtu anayebisha hodi. Lilichapishwa kwenye Lancet mwaka 2015.

La mwisho: mpangilio wa majina kwenye makala ukubaliwe kwa barua pepe kabla sampuli ya kwanza haijachukuliwa. Na jarida likikualika kwa kukusifu na kukuahidi uhakiki wa siku 3, futa barua hiyo.

---

Kivu_Docteur

Jambo kutoka Goma. Nyamizi, mutu anapenda kuwa muganga na mutafiti kwa mara moja, asome njia ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi wa kwetu Kongo. Nitaandika kwa Kiswahili chenu ili wote wasome.

Mwaka 1976 alikwenda Yambuku, akachukua damu ya wagonjwa bila kinga, kwa sababu hakuna aliyejua ni Ebola. Mwaka 1995, Kikwit, wagonjwa 8 walipewa damu ya watu waliopona, na 7 kati yao wakaishi. Wengi wangeishia hapo wakatangaza dawa. Lakini 8 ni wachache, hakukuwa na kundi la kulinganisha, na wenye Ebola waliofikia kupewa damu ile pengine walikuwa tayari wameshavuka siku mbaya. Swali lilibaki wazi zaidi ya miaka 20. Kutoka kwa mtu mmoja aliyepona Kikwit, watafiti walitenga kingamwili iliyoitwa mAb114. Mwaka 2018 mlipuko ulipofika kwetu, upande wa Beni na Butembo, jaribio la PALM lilianza Novemba, risasi zikisikika: dawa 4, wagonjwa 681, kila mmoja akipangiwa dawa bila kuchaguliwa na daktari.

Agosti 2019 kamati ya usalama ilisimamisha. Vifo kwa siku 28 vilikuwa 49.7% kwa ZMapp, 53.1% kwa remdesivir, 35.1% kwa mAb114 na 33.5% kwa REGN-EB3. Remdesivir ilikuwa na watetezi wengi kabla ya hapo. Bila jaribio, ni daktari yupi angeikataa?

Kwa vitendo, chukua hili: itifaki ya mlipuko huandikwa kabla ya mlipuko. Fomu, vibali vya msingi, orodha ya vifaa, nani anashika funguo za friji ya nyuzi -80, nani anajua kuwasha jenereta. Virusi havitasubiri kamati ikutane. Na tafuta mtu wa kusema na jamii anayejua lugha ya hapo; Butembo wengi walikimbia vituo kwa hofu ya watu waliovaa mavazi ya kinga na kusema Kifaransa tu.

---

Nyamizi_MD5

Aksanti docteur. Swali la mwisho: ikiwa ningetaka ugonjwa mmoja wa kuujua kwa undani nikiwa intanishipu, tiba na utafiti wake, mngechagua upi?

---

Mzee_wa_Raundi

Homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka. Utaikuta kila hospitali kubwa ya kanda, inaua, na karibu kila hatua ya tiba yake imethibitishwa na utafiti uliofanyika Afrika.

Jaribio la AMBITION, 2022, lilifanyika Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Dozi moja tu ya dawa ya ukungu, amfoterisini ya liposomu, 10 mg kwa kilo, pamoja na siku 14 za flusitosini 100 mg kwa kilo kwa siku na flukonazoli 1,200 mg kwa siku, ilifanya kazi bila kupitwa na tiba ya zamani: vifo kwa wiki 10 vilikuwa 24.8% dhidi ya 28.7%. WHO waliipokea mwaka huo huo. Mahali ambapo liposomu haipo utabaki na amfoterisini ya kawaida 1 mg kwa kilo kila siku, kwa siku 7, na hapo ndipo intani anaua mtu bila kujua. Sharti ichanganywe kwenye dekstrozi 5% peke yake. Kwenye maji ya chumvi inaganda. Kabla yake mpe lita 1 ya maji ya chumvi yenye potasiamu 20 mmol kwa saa 2. Dawa yenyewe ipite kwa saa 4. Pima kreatinini na potasiamu mara 2 kwa wiki. Potasiamu ikigoma kupanda ingawa unampa, tatizo ni magnesiamu.

Kisha msukumo wa maji ya uti wa mgongo. Kipimo chake maalumu huwa hakipo, basi tumia mrija safi wa dripu ulioungwa kwenye sindano, mgonjwa amelala ubavu, miguu umeilegeza, na pima kwa rula urefu wa maji kutoka usawa wa sindano. Ukizidi sm 25, toa maji hadi ushuke chini ya 20 au nusu ya ulipoanzia. Rudia kila siku maadamu kichwa kinauma. Wengi hutoboa mara moja kwa ajili ya kipimo tu, na mgonjwa anapofuka au kufa siku ya 6 huku dawa anapata vizuri.

ARV zisianze siku hiyo. Jaribio la COAT, wagonjwa 177, Uganda na Afrika Kusini, 2014: walioanza ndani ya wiki 2 walikufa 45%, waliosubiri wiki 5 hivi walikufa 30%. Subiri wiki 4 hadi 6.

Ukitaka tasnifu humo, hii hapa haijachukuliwa wodini kwako: fungua mafaili ya mwaka mmoja, hesabu wangapi waliandikiwa kutobolewa tena na wangapi walitobolewa kweli, na kilichozuia ni nini, sindano, ndugu kukataa, au daktari wa zamu.

---

Mtu_wa_Maabara

Na ukitoboa, mrija wa kwanza usiulete kwetu wa kuotesha, mara nyingi una damu na ngozi. Tuletee wa pili au wa tatu, ml 2 au zaidi, usikae juani dirishani kwenye kaunta ya manesi.